Upole wa Secilia

Tangu Secilia arudi kutoka hospitali, watu walikuwa hawamwangalii usoni. Walimwangalia kitambaa. Akisema chai imepoa, macho yanapanda kwenye kitambaa alichojifunga kichwani kuficha kovu. Akisema mlango ufungwe kwa sababu baridi inaingia, macho yanapanda. Siku moja alimwambia muuza dagaa kwamba kopo lake limejaa hewa kuliko dagaa, neno ambalo mwanamke yeyote wa kijiji kile angelisema bila kufikiri. Muuza dagaa akamwongezea konzi mbili za bure, kisha akamgeukia Edgar, mumewe, akamwambia, "Pole sana, kaka." Na Edgar akaipokea ile pole. Akaitikia, "Ndiyo hivyo, tunamwachia Mungu." Secilia alirudi nyumbani na dagaa wake akiwa anachemka kuliko kama angeibiwa.

Huko milimani, upande wa Vuga, kila mtu alimjua Secilia kwa ukali wake. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nyumba ya Edgar haihitaji kufuga mbwa. Alisema hivyo kwa kujivunia. Ndiyo maana, uzee ulipomshinda, alimpa Secilia shamba lake la bondeni mbele ya ukoo mzima, akampita Dotto, mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa anasubiri kulipokea. Shamba la bondeni si shamba la kuchezea. Mashamba ya mteremkoni yanangoja mvua, ila bondeni kijito kinapita kiangazi na masika, na mwenye kipande pale anavuna karoti na kabichi wakati wenzake wanatazama mawingu. Secilia alilima kipande kile kwa wivu. Mbuzi wa jirani alikijua, akazunguka.

Halafu ukali ukaanza kupungua. Hakuna aliyejua ulianza lini hasa. Ng'ombe wa jirani Kassimu aliingia kwenye kabichi, Secilia akasimama na jembe lake akimtazama anavyokula. Kwaya akaiacha, na alipoulizwa sababu akasema hakuna sababu. Watoto wa jirani wakachuma peasi zake mpaka za juu kabisa. Edgar akichelewa kurudi, haulizwi. Akiwahi kurudi, haulizwi pia.

Na watu wakafurahi. Hilo ndilo alilokuja kulielewa baadaye, na kila akilikumbuka lilimpandisha damu. Walifurahi, wakasema umri umemfundisha. Mwinjilisti alimtolea mfano kwenye mafundisho ya wachumba: mtazameni Mama Happiness, zamani alikuwa moto, leo ni maji matulivu. Wasichana wakamtazama. Secilia alikuwa ameketi benchi la nyuma, mdomo wazi kidogo, hajali kama anasifiwa au anazikwa.

Katika miaka hiyo ya maji matulivu ndipo Dotto alipokuja akasema, "Shemeji, naona bondeni kumekuchosha, niache nilime mimi." Secilia akasema ndiyo. Msimu uliofuata Dotto akarudi na Baba Mkubwa Tobia, mzee wa ukoo, awe shahidi, akasema anafikiria kupanda miti kidogo. Secilia akasema, "Panda tu." Akageuka kuendelea kuchambua mchele, au kuukodolea macho, maana mchele wenyewe haukuchambuliwa.

Aliyeshtuka ni Happiness, binti yake, anayefundisha shule Moshi. Alikuja Krismasi akamkuta mama yake anamimina chai pembeni ya kikombe, juu ya kitambaa cha meza, halafu anaweka birika chini kana kwamba kazi imekwisha. Akamuuliza haoni. Mama akasema jicho la kulia lina ukungu. Tangu lini? Tangu siku nyingi. Akanusa maziwa, yameoza. Mama yake alikuwa anayanywa. Happiness hakungoja mwaka mpya. Alimbeba mama yake mpaka hospitali kubwa ya Dar es Salaam, huku baba yake akimfuata nyuma na mfuko wa nguo, anauliza kama kweli kuna haja ya haraka kiasi hicho.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Aliwaonyesha picha ya kichwa, na ndani yake doa jeupe la ukubwa wa limau, limekaa mbele, juu kidogo ya mzizi wa pua. Akaliita meninjioma. Akasema ubongo umefunikwa na utando, kama yai lilivyo na ngozi laini ndani ya ganda, na uvimbe huu umeota kwenye ule utando, haukuota kwenye ubongo wenyewe. Si saratani. Unakua polepole, unaweza kukaa miaka kumi bila kelele. Ila kichwa ni chumba kisicho na dirisha, na kitu kikikua humo lazima kikandamize kingine. Huu ulikandamiza mshipa wa harufu, ukaanza kugusa wa jicho, na ukausukuma ubongo wa mbele. "Hapo mbele," daktari akasema, "ndipo mtu anapoamua, anapojali, anapokasirika."

Walimfungua kichwa, wakautoa wote. Aliamka uso umevimba, nywele hakuna, na siku kadhaa hakujua yuko mji gani. Ukungu wa jicho ukaondoka kidogo kidogo. Akapewa vidonge vya kuzuia kifafa, asubuhi na jioni bila kuruka. Akaambiwa atachoka upesi kwa miezi mingi, asione ajabu. Asibebe mzigo kichwani. Arudi kupigwa picha nyingine, maana uvimbe wa namna hii wakati mwingine huota tena. Kuhusu harufu, daktari alisema asitegemee. Mshipa ule ulikuwa umebanwa muda mrefu mno. "Mngewahi," akasema, "labda."

Halafu ikatokea asubuhi moja wodini, mgonjwa wa kitanda cha pili akafungulia redio kwa sauti kubwa alfajiri, na Secilia akakasirika. Alikasirika vizuri, kuanzia tumboni. Akamwambia yule mama azime redio yake, hapa si stendi. Kisha akalia kwa furaha, kwa sababu hakukumbuka mara ya mwisho alipojali kitu chochote kiasi kile.

Alidhani nyumbani watafurahi pia.

"Hebu pumzika," ndicho walichomwambia. Akiuliza nani kakata mgomba wake, pumzika. Akimwambia wifi yake asimwage maji machafu njiani, jamani pumzika, kichwa hicho. Wakiwa nje aliwasikia wakinong'ona kwamba kisu cha Dar es Salaam kimemharibu, mtu alikwenda mpole karudi hivi. Kuna waliosema wangemwacha tu na uvimbe wake, mradi alikuwa na amani. Amani ya nani, Secilia alitaka kuwauliza, lakini alijua wataangalia kitambaa.

Ijumaa jirani yake Mwajuma alipita akitoka kuchuma karoti, matope mpaka magotini. Wao wawili walikuwa wamelima bega kwa bega bondeni zaidi ya miaka ishirini, wakigombana kuhusu mfereji karibu kila wiki.

"Mama Happy, sitaki kukupandisha presha," Mwajuma akasema.

"Sema. Presha yangu nzima."

"Dotto kashusha miche ya parachichi kwenye kipande chako. Viriba vya miche vimepangwa pale chini ya ukingo. Nimemuuliza, anasema Jumatatu anapanda, kabla mvua haijaanza."

Secilia akaacha alichokuwa amekishika. Huko milimani unaweza kumwazima mtu shamba miaka mingi, akalima karoti, akalima viazi, akavuna akaacha, na shamba likabaki lako bila mtu kuuliza. Ila mti ni neno jingine. Mwenye mti ndiye mwenye ardhi iliyo chini yake, na anayeazima shamba akipanda mti nawe ukanyamaza, umeshampa. Miche ile ikishashika udongo, kipande cha mama mkwe kimekwenda, na yeye atabaki kuangalia mawingu mteremkoni pamoja na wengine.

Akateremka bondeni, akipumzika kila kona kwa sababu miguu ilikuwa bado inamkatalia. Alimkuta Dotto anachimba mashimo, amevua shati, anaimba.

"Shemeji!" Dotto akasema kwa furaha ya mtu anayemwona mtoto. "Umekuja mpaka huku? Nani kakuruhusu?"

"Toa miche yako shambani kwangu."

Dotto akaweka jembe chini. Akatabasamu taratibu, akaangalia kitambaa. "Shemeji, ulisema mwenyewe. Panda tu. Baba Mkubwa alikuwepo."

"Nilikuwa naumwa."

"Ulikuwa huumwi. Ulikuwa mtu mzuri kabisa, hata kanisani walikusifu. Unaumwa sasa." Alisema bila ubaya wowote, na ndiyo iliyokuwa kero yenyewe, kwamba angeweza kumtukana naye akarudisha, lakini huruma ile hakujua aishike wapi. "Kaa hapo kivulini, nimtume mtu akamwite kaka aje akuchukue."

Secilia alimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa. Dotto akayasikiliza yote akitikisa kichwa kwa masikitiko, na wanawake wa vipande vya jirani wakainua vichwa, wakaona ni kweli, hali ya Mama Happiness si nzuri.

Jioni alimkabili Edgar. Edgar alikuwa ameingia na viatu vyake vya matope, akaacha nyayo kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi. Edgar alikuwa mwanamume mwema. Kila mtu alisema hivyo, na kweli hakuwahi kumpiga mtu wala kunyima mtu. Alikuwa na kasoro moja, kwamba jambo lolote lenye ugomvi ndani yake alilizunguka kama dimbwi.

"Baba Happiness, kaka yake ni wewe. Mwambie."

"Nitamwambia nini, na wewe ulikubali?"

"Wewe unajua sikuwa mimi."

Edgar akakuna goti. "Tuliache tu, Mama Happiness. Tuna mteremko. Afya yako kwanza."

Wakati anasema hayo Happiness alipiga simu, wakaongea wote watatu kwa zamu, na sufuria ya maharage jikoni ikaungua mpaka chini. Moshi ulipofika sebuleni ndipo Secilia alipouona. Wifi yake aliyepita kuomba chumvi aliukuta ule moshi, na kabla ya giza kuingia mtaa wote ulijua kwamba Secilia ameketi ndani ya moshi anaongea na simu.

Secilia mwenyewe alidai kikao cha ukoo. Walikaa Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwa Baba Mkubwa Tobia, ambaye alikuwa na njaa na hakuficha. Alimpa kila mmoja nafasi ya kusalimia, wadogo wakaamkia shikamoo mmoja mmoja, akaomba, akaeleza kwa Kishambaa kwamba jambo ni dogo, kisha akalieleza kwa urefu usiolingana na udogo wake.

Dotto alisema yake kwa adabu. Aliomba, akapewa, shahidi yupo. Baba Mkubwa akakiri kwamba yupo. Wifi akaongeza habari ya maharage. "Sisemi kwa ubaya," akasema. "Lakini chakula kinaungua hatua mbili kutoka alipo, hajui. Mtu huyo ndiye wa kuvunja maneno aliyoyasema mbele ya shahidi?"

"Pua na akili ni vitu viwili," Secilia akasema. "Pua yangu imekufa. Daktari kasema hairudi. Zamani ndipo kichwa kilipokuwa kibovu, sasa kimetengenezwa. Mnashindwaje kuelewa jambo jepesi hivi? Uvimbe ulikaa mahali pa kukataa. Nilikuwa siwezi kusema hapana. Mngeniomba nguo niliyovaa ningewapa."

"Sasa mbona unafoka?" Baba Mkubwa akauliza kwa upole.

"Nafoka kwa sababu nimepona."

Wakatazamana. Mtu mmoja akaguna. Secilia akaona kwamba kila neno lake linahesabika kuwa dalili: akinyamaza shamba limekwenda, akisema amechanganyikiwa. Machozi ya hasira yakamjia na akayazuia, maana hayo nayo yangehesabiwa. Chumba kizima kilikuwa na mtu mmoja tu aliyelala naye, akala naye, akamwona kila siku miaka ile yote, na mtu huyo alikuwa anabandua matope kwenye kiatu kwa ukucha.

Akamgeukia. "Baba Happiness. Yule aliyesema panda tu, alikuwa mimi?"

Edgar akaendelea na matope.

"Mghoshi Edgar," Baba Mkubwa akasema, akimwita mwanamume kwa Kishambaa, "umeulizwa na mkeo. Jibu tukale."

Edgar akaweka mguu chini. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ndogo, ikabidi wifi aache kupepea khanga.

"Hakuwa yeye," akasema. "Secilia niliyemwoa, Dotto angemwomba lile bonde, angemfukuza kwa jembe mpaka barabarani. Nilijua siku ileile aliposema ndiyo. Nilijua hata kabla ya hapo. Mtu unakaa naye miaka yote, anabadilika, huwezi kutojua." Akakitazama kiatu. "Nilinyamaza kwa sababu nyumba ilikuwa imetulia. Nilikuwa napumzika, Baba. Sikugombezwa. Nikasema moyoni, iwe hivihivi."

Hakuna aliyeguna safari hii. Baba Mkubwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema kwamba mgonjwa hagawi shamba, na hata yeye angejua ni mgonjwa asingekubali kuwa shahidi. Miche iondoke kesho asubuhi. Dotto akauliza ataipeleka wapi. Akaambiwa ana mteremko wake, na akitaka kumwagilia ana mikono. Dotto akatoka bila kungoja chakula.

Kwa hiyo Secilia alishinda. Bonde lilikuwa lake, watu wakampa mkono, wifi akamwambia Mungu ni mwema. Alitoka pale na ushindi wake akipanda njia ya nyumbani mbele, Edgar nyuma, na kila hatua hasira yake ilikuwa inahama kutoka kwa Dotto.

Kwenye kona ya mianzi akasimama kushusha pumzi.

"Tangu lini?"

Edgar hakujifanya hajaelewa. "Tangu siku ile niliyoingia na viatu vya matope mpaka chumbani. Ukaviangalia, ukageukia ukutani. Nikajua kuna kitu."

Aliikumbuka, kwa mbali, kama habari ya mtu mwingine. Ilikuwa kabla ya jicho. Ilikuwa wakati bado anayanusa maziwa, anainusa mvua kabla haijavuka mlima, anamnusa mjukuu wake mchanga shingoni. Daktari alisema mngewahi, labda, na yeye siku zote alidhani hapakuwa na mtu wa kuwahi, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua.

"Ukajua," akasema. "Ukafanya nini?"

"Nikaendelea kuingia navyo."

Secilia alitafuta neno la kumtosha mtu huyu na hakulipata, yeye ambaye hakuwahi kupungukiwa maneno. Walipanda kimya mpaka nyumbani, na kimya kile kikamtisha Edgar, akawa anakohoa kila baada ya hatua chache ili asikike.

Secilia akafungua mlango, akaketi. Edgar akaingia nyuma yake, akasimama katikati ya sebule, pua juu.

"Mama Happiness," akasema. "Makande yanaungua."

Alikuwa ameyaacha juu ya moto mdogo kabla ya ibada, akiamini kikao hakitachelewa. Yeye hakusikia chochote. Hewa ilikuwa hewa. Edgar akakimbia jikoni akaepua, akarudi na sufuria mkononi ameishika kwa mkono wa shati, na akasimama nayo pale kama anangoja kuhukumiwa.

"Nisikilize vizuri," Secilia akasema. "Ukisikia harufu yoyote humu ndani, unaniambia. Chakula, gesi, maziwa, mimi mwenyewe kama nanuka, unaniambia. Na siku nikikaa kimya, nikawa mpole, nikakubali kila kitu, usije ukamshukuru Mungu. Mpigie Happiness. Nibebe unipeleke hospitali usiku huohuo, hata kama nakwambia sijambo. Uvimbe ule unaweza kurudi, na mimi sitajua. Utajua wewe."

"Nitasema."

"Hukusema."

"Nitasema," Edgar akarudia.

Secilia akaangalia sakafu. Nyayo za matope zilitoka mlangoni zikaenda jikoni zikarudi mpaka pale aliposimama.

"Na viatu," akasema, "nje."

Edgar akaweka sufuria mezani. Akarudi mlangoni, akainama kufungua kamba, na akabaki ameinama pale kizingitini, mabega yakimtikisika, muda mrefu kuliko unaohitajika kuvua viatu viwili. Secilia alimwona. Hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia pole.

"Vigonge matope yatoke," akamwambia.